Mazoezi ya Kuzungumza Lugha ya Kigeni: Ununue Nini Kwanza, Nini Kisubiri

Muuguzi anayejiandaa kwa mtihani wa Kijerumani, mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou na kijana anayeomba nafasi ya chuo Uingereza wana shida moja: wanasoma vizuri, wanasikiliza na kuelewa, lakini wakitakiwa kujibu kwa mdomo wanakwama. Jambo hili lilielezwa mwaka 1985 na mtafiti Merrill Swain wa Kanada, aliyeona kwamba watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka mingi walikielewa barabara, ilhali uzungumzaji wao ulibaki nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba kusikia hakutoshi, kwa kuwa ni wakati wa kusema ndipo mtu anapogundua asichokijua. Kwa hiyo nimepanga bidhaa na huduma hizi kwa vigezo viwili tu: zitakufanya useme kwa muda gani, na nani atakuonyesha ulipokosea.

Cha kwanza kununua ni hedifoni za waya zenye maiki. Najua wengi huanza na programu za kulipia, lakini programu hiyo, mwalimu wa mtandaoni na hata rekodi yako mwenyewe vyote hupitia kwenye maiki, na maiki mbovu huharibu vyote kwa pamoja. Ukifika dukani Kariakoo, itazame pini kabla ya kuuliza bei. Yenye mistari mitatu inayoizunguka ina njia ya maiki. Yenye mistari miwili ni ya kusikilizia tu, hata kama boksi limeandikwa vinginevyo. Simu yako ikiwa haina tundu la pini, chukua za Type-C. Omba kujaribu kabla ya kulipa: fungua kinasa sauti cha simu, soma aya moja ya lugha unayojifunza kwa nusu dakika, kisha jisikilize. Kelele za mtaani zisikusumbue, maana ndizo zitakazokuonyesha kama maiki inachukua sauti yako au inachukua honi za bodaboda. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda duka la jirani.

Kwa nini siyo za bluetooth, ambazo ndizo zinazopendwa? Nyingi, hasa za bei ya chini, hucheza muziki vizuri, lakini maiki inapowashwa hubadili namna ya kusafirisha sauti na ubora hushuka, wakati mwingine hadi kiwango cha simu za zamani, zilizokata sauti zote nyembamba, yaani zinazozidi takriban hezi 3,400. Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti kama s, f na th iko juu ya kiwango hicho. Mwalimu aliye upande wa pili hawezi kukusahihisha kwa sauti isiyomfikia, na wewe huwezi kuiga usichokisikia.

Nafasi ya pili ni saa za mwalimu anayefundisha kwa simu au video, na hapa ndipo ningependa sehemu kubwa ya bajeti iende. Kwenye tovuti za walimu wa lugha za italki na Preply kila mwalimu hupanga bei yake na huweka video fupi ya kujitambulisha, hivyo unaweza kusikia lafudhi yake kabla ya kulipa chochote. Anayejifunza Kifaransa au Kijerumani asisahau kwamba Alliance Française na Goethe-Institut zipo hapa hapa jijini Dar es Salaam, na kwamba darasani atapata wenzake wa kufanya nao mazoezi. Hilo si jambo dogo: sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa Goethe wa B1 (ngazi ya kati) huchukua kama dakika 15 na kwa kawaida hufanywa na watahiniwa wawili, wanaotakiwa kupanga jambo pamoja na kuulizana maswali. Katika IELTS, mtihani wa Kiingereza, nako, unapewa dakika moja ya kujiandaa, kisha unazungumza peke yako kwa dakika moja hadi mbili, na mtahini huendelea kukuhoji juu ya mada hiyo. Mazoezi ya namna hii yanahitaji mtu anayekatiza, anayeshangaa na anayeomba ufafanue.

Nunua vipindi vya nusu saa mara mbili kwa wiki badala ya saa nzima mara moja, na mwombe mwalimu aandike makosa yako wakati unazungumza, ayasome mwishoni. Malipo mengi ni kwa dola, kwa hiyo utahitaji kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia huduma za pesa za simu. Hesabu pia makato na bando. Saa moja ya sauti pekee hula makumi ya megabaiti, ilhali video hula mamia, na mtandao ukisumbua, kuzima kamera huokoa kipindi. Hakikisha pia kalenda ya mwalimu imewekwa saa za Afrika Mashariki, na kumbuka kwamba saa 2 inayoonekana hapo si saa mbili yetu.

Programu za mazungumzo naziweka nafasi ya tatu. ELSA Speak hupima matamshi ya Kiingereza sauti kwa sauti; Duolingo ilileta mwaka 2024 simu ya video na mhusika wake Lily katika kifurushi chake cha kulipia cha Max. Zinamfaa sana mwenye haya, kwa sababu mashine haichoki. Udhaifu wake ni kwamba baadhi hukisia maana kutokana na sentensi nzima na kukuelewa hata unapotamka vibaya. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho huupeleka hapohapo katika Kiingereza, na programu inaweza kuupitisha bila neno. Kabla ya kulipia, jaribu kipimo cha bure: weka kibodi ya simu katika lugha unayojifunza, bonyeza alama ya maiki na utamke neno mojamoja, kama «ship» na «sheep», uone simu inaandika nini. Ukijiunga kwa majaribio, kumbuka kusitisha usajili ndani ya Google Play, kwa kuwa kuifuta programu kwenye simu hakuzuii makato.

Mashine za kutafsiri za mkononi zinawafaa wasafiri wenye haraka. Kwa mwanafunzi ziko mwisho kabisa, kwa kuwa zinasema kwa niaba yake. Fedha hizo zitalipia vipindi kadhaa vya mwalimu, na simu uliyonayo inatosha kuvipokea.