Psycopg 3 na usimamizi wa vielekezi vya PostgreSQL: tathmini ya mtumiaji

Psycopg ni maktaba inayoiwezesha programu ya Python kuwasiliana na seva ya PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata. Nimeitumia, katika toleo lake la 3, kwa kazi za kusoma majedwali makubwa na kuyahamishia kwingine, na hapa nitaipima kwa jambo moja tu: namna inavyosimamia vielekezi (cursor), yaani vyombo vya kupitia matokeo, kati ya programu inayoomba data na seva inayoitoa.

Mtumiaji mpya anapaswa kufahamu mapema kwamba jina cursor katika maktaba hii linabeba vitu viwili tofauti. Ukiita cursor() bila kutoa jina, unapata kielekezi ambacho hakipo kabisa kwenye seva. Hoja, yaani ombi la data (query), inatekelezwa, seva inatuma matokeo yote, na libpq, maktaba ya lugha ya C ambayo Psycopg imejengwa juu yake, inayakusanya yote katika kumbukumbu ya programu yako kabla hujasoma rekodi ya kwanza. Kwa hiyo fetchone() haiendi kwenye seva kuleta chochote. Inachota kutoka rundo ambalo limekwisha kufika. Matokeo yakiwa rekodi mia chache, sijui utaratibu bora kuliko huu, kwa sababu seva inamaliza kazi yake mara moja na haibaki na deni lolote. Yakiwa makumi ya mamilioni, RAM itaisha. Nilipoandika programu yangu ya kwanza ya aina hiyo niliamini kwamba kupitia rekodi moja moja kwenye kitanzi (loop) kungelinda kumbukumbu, na mfumo endeshi uliizima kabla haijachakata hata rekodi moja.

Kielekezi cha pili hupatikana kwa kutoa jina, kwa mfano cursor(name="uhamisho"). Hapo Psycopg hutuma amri ya DECLARE, seva hushikilia hoja mahali ilipofikia, na programu huomba rekodi kwa mafungu kwa amri ya FETCH. Mabadiliko yanayohitajika katika programu ni madogo mno, na huo ndio uzuri ninaousifu zaidi: kitanzi kinabaki vilevile, huku matumizi ya kumbukumbu yakifuata ukubwa wa fungu badala ya ukubwa wa jedwali.

Lawama yangu kubwa iko kwenye ukubwa wa fungu hilo. Sifa ya itersize, inayouamua, imewekwa kuwa 100, ilhali katika psycopg2 ilikuwa 2000. Rekodi milioni moja kwa mafungu ya 100 ni safari 10,000 za kwenda na kurudi, na ikiwa kila safari inachukua milisekunde 2 kwenye mtandao, programu itakaa sekunde 20 ikisubiri tu. Kwa mafungu ya 5000 safari ni 200, na kusubiri kunashuka hadi chini ya nusu sekunde. Afadhali kila mtumiaji aiweke thamani hiyo mwenyewe. Aidha, ajiepushe na fetchone() kwenye kielekezi chenye jina, maana kila wito unakuwa safari kamili kwa ajili ya rekodi moja.

Lipo pia jambo la upande wa seva ambalo Psycopg haiwezi kukuficha. PostgreSQL inapopanga hoja ya kielekezi huchukulia kwamba utasoma sehemu ndogo tu ya matokeo. Kigezo cha cursor_tuple_fraction kina thamani ya 0.1, yaani asilimia 10, hivyo seva hupendelea mpango unaotoa rekodi za mwanzo haraka hata kama kuzimaliza zote kutachelewa. Anayenuia kusoma jedwali hadi mwisho aiweke kuwa 1.0.

Kuhusu uhai wa kielekezi, kanuni ni kali na ninaiona kuwa ya haki: kielekezi chenye jina kwa kawaida kinaishi ndani ya muamala wake (transaction, kundi la amri linalokamilika au kufutwa kwa pamoja), na ukithibitisha muamala (commit) katikati ya kitanzi kinakufa. Ukiwasha uthibitishaji wa papo kwa papo (autocommit), seva inaikataa DECLARE kwa kosa lililo wazi. Nalinganisha na draiva ya JDBC ya PostgreSQL, inayotumiwa na programu za Java, ambayo katika hali hiyohiyo hupuuza setFetchSize, yaani ukubwa wa fungu ulioomba, kimyakimya na kuleta matokeo yote kwa mkupuo. Kosa linalopiga kelele ni rahisi kurekebisha.

Unaweza kuomba kielekezi cha WITH HOLD kinachoendelea kuishi baada ya muamala, lakini wakati wa kuthibitisha, seva hulazimika kunakili matokeo kwenye kumbukumbu au faili la muda, na nakala hiyo hubaki hadi ukifunge au muunganisho ukatike. Nyuma ya PgBouncer, programu inayoziwezesha programu nyingi kushiriki miunganisho michache ya seva, ikiwa inagawa miunganisho kwa muamala, kielekezi hicho hakitumiki. Kwa upande mwingine, muamala ulioachwa wazi kwa saa nyingi huizuia VACUUM, kazi ya usafi ya seva, kuondoa rekodi zilizokufa (matoleo ya zamani yasiyohitajika tena), hata za majedwali ambayo hukuyagusa. Ndiyo maana ninafungua kila kielekezi kwa with ya Python, ambayo hukifunga hata kosa likitokea katikati.

Kwa kazi za usiku zinazochakata rekodi moja baada ya nyingine, ninaipendekeza Psycopg 3 bila kusita. Kwa kutoa jedwali zima bila kulichakata, tumia COPY, amri ya PostgreSQL ya kuhamisha data kwa wingi, ambayo maktaba hii inaihudumia vizuri sana. Kwa kurasa za tovuti, ambako mtumiaji anaweza kuondoka asirudi, usimfungulie kielekezi. Hifadhi ufunguo wa rekodi ya mwisho aliyoiona, kisha uanzie hapo hoja inayofuata.