PrimoCache kwenye hadidiski ya zamani: nimeitumia miezi miwili stesheneri

Wadau, wale mnaotumia kompyuta za mtumba zenye hadidiski za kuzunguka, hii inawahusu: PrimoCache ni programu ya Windows ya kuipa kasi diski nzito. Mi nna stesheneri Mbagala, kazi zangu ni kuprinti, picha za pasipoti, kadi za harusi na fomu za shule, na mashine yangu ni Dell OptiPlex 7020, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, hadidiski TB 1 iliyojaa kazi za wateja za miaka mitano. Asubuhi nilikuwa naiwasha, naenda kufagia nje, nafungua madirisha, napanga rimu, narudi kaduara bado kanazunguka. Ukifungua Task Manager unakuta diski iko asilimia 100 na prosesa iko asilimia 6, yani prosesa imekaa tu inasubiri diski.

Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja alikuja na flashi, anataka kurasa tatu tu za fomu ya mwanae anayeanza kidato cha kwanza. Word ikagoma kufunguka, tunaangaliana, mwisho akaniambia "mwanangu, ngoja nikajaribu pale mbele", akaondoka na flashi yake. Siku ile ile nikaanza kutafuta dawa.

Tatizo lenyewe liko hivi. Hadidiski yangu inazunguka mara 7200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8, na juu ya hapo kichwa cha kusomea kinabidi kihame kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Faili moja kubwa la video linatiririka bila shida, ila Windows ikiwaka inaomba vifaili vidogo vidogo maelfu vilivyotapakaa kila kona, kile kichwa kinakimbizana huku na kule, ukiweka sikio kwenye kasha unasikia krrr krrr krrr mfululizo na ile taa ya diski haizimi. Sasa keshi, nikimaanisha ya kompyuta siyo ya mfukoni, ni sehemu yenye kasi inayotunza nakala ya vitu unavyovitumia kila siku ili diski isisumbuliwe kuvitafuta upya.

Wazo la siku nyingi hili. Windows Vista ilikuja mwaka 2007 na ReadyBoost, unachomeka flashi inakuwa keshi, nikajaribu, tofauti yake ndogo sana maana flashi zetu hizi zenyewe ni nzito. Intel nao walileta teknolojia yao ya kutumia SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) kama keshi mwaka 2011 kwa bodi za Z68, halafu 2017 wakaleta Optane Memory, kijidiski chao cha keshi, ila Optane ilitaka prosesa ya kizazi cha 7 kwenda juu, ya kwangu ya nne, kwa hiyo nje. PrimoCache ya Romex Software haibagui bodi wala prosesa, na wanakupa siku 30 za kujaribu bure, ndo nikaidanlodi.

Ina ngazi mbili na hapa ndo wengi wanakosea. L1 inatumia RAM. Nikaipa GB 2 kwa furaha kabisa, nikafungua Word mara ya pili, ya tatu, inakuja chap, nikasema tumemaliza. Kesho yake asubuhi nimewasha, uzito ni ule ule wa zamani. RAM ukizima mashine inasahau kila kitu, keshi inaanza kujazwa upya, halafu kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi, Windows yenyewe tayari inatumia RAM inayobaki kama keshi ya mafaili, kwa hiyo ukiwa na GB 8 ukazikata GB 2 kwa ajili ya L1, kwa sehemu kubwa unahamisha kitu kutoka mfuko huu kwenda ule. Kwenye usomaji wa kawaida mi sikuona faida ya maana, na nikifungua Photoshop na CorelDRAW pamoja RAM ilinibana.

Utamu wote uko L2, ile ngazi ya pili inayotumia SSD. Nilikuwa na SSD ya GB 64 niliyoitoa kwenye laptopu iliyovunjika kioo, ndogo mno kuhamishia Windows na programu zangu zote, nikaichomeka kwenye waya wa SATA uliokuwa wazi, nikaipa PrimoCache iwe L2. Angalizo, ukishaiteua hivyo vilivyomo ndani vinafutika, toa vyako kwanza. L2 haisahau ukizima, na yenyewe inajifunza taratibu unatumia nini. Siku ya kwanza hamna kitu, ya pili kidogo, kufika siku ya nne nilikuwa nawasha mashine na sijamaliza hata kufagia mlangoni tayari inanisubiri. Nilipima kwa simu, kutoka dakika 4 na sekunde 20 mpaka dakika 1 na sekunde 15, mpaka Word iwe imefunguka. Kwenye dirisha lake kuna asilimia inayoonyesha ni maombi mangapi yamejibiwa na keshi bila kugusa hadidiski, yangu inacheza kwenye 80 na kitu siku za kazi za kawaida. Nikifungua picha za harusi ya mwaka juzi inashuka, hiyo ni haki yake, hajawahi kuziona.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Kuna sehemu inaitwa Defer-Write, ukiiwasha programu inashikilia kwanza vitu unavyosevu, inaviandika kwenye diski baadae. Kasi yake inanoga kweli, kusevu faili la CorelDRAW ni kufumba na kufumbua. Nikaiwasha na muda wa kusubiri nikauongeza mpaka dakika 5. Jioni umeme ukakatika, sina UPS (betri ya akiba ya kompyuta), kadi za send-off nilizosevu dakika mbili nyuma zikafunguka zimeharibika, nikakesha nazichora upya kwa sababu mteja anazitaka saa 2 asubuhi. Programu inakuonya kabisa kabla hujaiwasha, mimi ndo niliyeupita ule ujumbe. Kwa umeme wetu huu, kama huna UPS au siyo laptopu yenye betri nzima, Defer-Write iache imezimwa kabisa, faida ya L2 kwenye kusoma utaipata bila hiyo.

Na kabla ya yote pima afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikiandika Caution wahi kuhamisha mafaili yako, keshi haiponyi diski inayokufa. Na kama una SSD ya kutosha, GB 240 kwenda juu, usihangaike na haya, hamishia Windows humo moja kwa moja, itakuwa na kasi kuliko hii yangu.

Mi leseni nimeshalipia siku 30 zilipoisha. Wiki ijayo namfungia dogo wa saluni ya jirani, laptopu yake tunatoa kile kisomeo cha DVD tunaweka SSD ya keshi pale pale, na kwa kuwa RAM yake ni GB 4 tu, L1 sitaigusa.