Pweza wa Jambiani na waini ya Dodoma: nendeni, ila angalieni mwezi kwanza

Mwezi wa nane mimi na mume wangu tulitimiza miaka 10 ya ndoa, tukasema mwaka huu hatupiki wala hatualiki mtu, watoto wakabaki kwa bibi yao Tabata, sisi huyoo tukapanda boti kwenda Unguja, wiki nzima Jambiani. Hoteli ndogo tuliyofikia ina mgahawa ghorofani unaotazama bahari, na Jumamosi usiku wana sahani nne na glasi nne, yaani kila sahani inakuja na waini yake waliyokuchagulia wao. Sh 140,000 kwa kichwa. Nilishtuka kwakweli, mume wangu akasema tulipe tu, miaka kumi si mchezo.

Niseme ukweli, mimi waini nilikuwa naijua ile tamu ya kwenye sherehe basi.

Wameanza na chaza wadogo wabichi juu ya barafu, ndimu na pilipili pembeni, na waini ya mapovu ya Afrika Kusini. Glasi zilikuja vuguvugu, tukasema, wakabadilisha bila kununa. Chaza watamu, wana chumvichumvi ya bahari, ila si hao walionifanya niandike.

Ni pweza. Asubuhi ya siku hiyo hiyo tulikuwa tunatembea ufukweni, ilikuwa bamvua, maji yametoka mpaka huko kwenye mwamba, tukakutana na kina mama wanarudi na vijiti vyao mkononi. Nikamwamkia mmoja, akanionyesha pweza wake, bado anabadilika rangi, mara kahawia mara kijivu. Halafu akaanza kumpiga kwenye jiwe, pa, pa, pa, nilihesabu mpaka thelathini nikaacha, pweza anatoa povu jeupe kama sabuni. Nikauliza mama mbona unampiga hivyo, akacheka, "Huyu usipompiga yeye, atakupiga wewe meno, mwanangu."

Basi usiku kaja pweza wa nazi, na kijana aliyekuwa anatuhudumia, wa Makunduchi huyo, akatuambia amenunuliwa asubuhi kwa kina mama wa hapo hapo. Mlaini unamkata kwa ubavu wa uma, tui zito, bizari kidogo, kitunguu kimeyeyuka hukioni. Glasi ya pembeni ilikuwa nyeupe, Chenin Blanc kavu, yaani isiyo tamu, na alipogeuza chupa nikaona imeandikwa Dodoma. Dodoma hii hii yetu! Nikaonja yenyewe kwanza, nikaona uchachu tu, nikaiweka chini. Nikala pweza, tui likanifunika ulimi, ndo nikanywa tena, aisee, ule uchachu ukakata mafuta yote ya nazi, mdomo ukawa safi, nikarudi kwenye sahani naona kama ndo naanza kula. Nikaelewa hapo hapo kwamba inafanya kazi ya ndimu. Sisi wa pwani samaki bila ndimu hatumli, kumbe kitu chenyewe tunakijua toka utotoni ila hatukuwahi kukitafuta kwenye glasi. Kipande cha ndimu kilichokuwa kwenye sahani yangu kimerudi jikoni kama kilivyokuja.

Na iliniuma kidogo, maana zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Hombolo huko mashamba yapo, na mimi nimepita Dodoma kwa basi sijui mara ngapi nikinunua zabibu za kula njiani, ila chupa ya waini yake kavu sijawahi kununua hata siku moja.

Kamba wa kuchoma walikuja na Sauvignon Blanc, nyeupe nyingine, safi, hamna la kusema. Ila mume wangu akaomba nyekundu kwa sababu ndo anayoipenda, akala kamba akanywa, akakunja uso, anasema kama ameramba sarafu. Yule kijana akamweleza kwamba nyekundu ina chuma chuma ndani yake, ikikutana na mafuta ya vitu vya baharini ndo unapata hiyo ladha. Sahani ya mwisho jodari, amechomwa nje tu na pilipili manga, katikati bado mwekundu, na hapo ndo wakaleta Pinot Noir, nyekundu iliyopozwa kidogo, na ilikubali kabisa maana jodari ni nyama haswa.

Mabaya yao: kati ya kamba na jodari tulikaa dakika 50, na kusi ilikuwa inavuma mpaka leso za mezani zinaruka, vaeni kitu cha mikono mirefu. Na jamani kile ni kijiji cha watu wa dini, kunyweni hapo hapo mezani, msishuke na glasi ufukweni kwenye njia wanayopita wazee wakitoka msikitini. Tumeona wageni wanafanya hivyo na haipendezi.

Siku moja kabla ya kuondoka tulirudi mchana kwa ajili ya pweza tu na glasi moja ya ile ya Dodoma. Hakuna. Maji mafu, mwamba haujatoka vizuri, kina mama hawajapata kitu, na wenyewe hawaweki wa kwenye friza. Wakatupa changu wa kukaanga, mtamu, ila si yule. Kwahiyo kabla hujabuku angalia mwezi, uwe mpevu au uwe umeandama juzi juzi, ndo bamvua hiyo na mwamba unatoka, halafu piga simu asubuhi uulize kama kina mama wamerudi na kitu.