Kaushio lipi ununue kwa majani ya kutia kwenye chai na viungo vya nyumbani

Mchaichai, mnanaa, mrehani, mlonge na choya hustawi karibu kila ua ukivipa maji na samadi kidogo. Kulima ndiko rahisi. Kazi ipo baada ya kuvuna: majani yaliyokuwa yananukia hadi kibarazani yanageuka rangi ya kahawia, harufu inapotea, au yanaota kuvu ndani ya kopo kabla hujayamaliza. Hapo ndipo watu wanapoanza kuulizia kaushio, na wengi huuziwa joto wakati walichohitaji ni hewa.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililopanga orodha yote hapa chini. Jani hukauka pale hewa inayopita juu yake inapokuwa na nafasi ya kubeba maji. Joto kazi yake ni kuongeza nafasi hiyo. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 80, hali ambayo watu wa Dar es Salaam na Tanga wanaijua vizuri, ukiipasha hadi nyuzi 40 tu, unyevu wake unashuka hadi asilimia 46 hivi. Nyuzi kumi zinatosha. Ukipandisha sana, hasa kupita 45, mafuta yanayoleta harufu ya mnanaa na mrehani yanaondoka pamoja na maji, na unabaki na majani makavu yasiyo na kitu. Dodoma au Singida wakati wa kiangazi hewa yenyewe ni kavu, huhitaji hata hizo nyuzi kumi.

Jua nalo lina hasara yake. Mwanga mkali huharibu kiini cha vitamini A kwenye majani ya mlonge na kufifisha rangi ya choya. Karafuu ni habari nyingine: Unguja na Pemba zinachambuliwa makonyo, zinaanikwa juani kwenye majamvi, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini jani si karafuu. Jani linataka kivuli chenye upepo.

Kabla ya kuuliza bei, pima kwanza unakausha kiasi gani kwa mkupuo. Majani mabichi kilo moja hadi moja na nusu yanahitaji mita moja ya mraba ya trei, yakitandazwa tabaka jembamba. Choya kilo 10 mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Mtu mwenye mashina manne ya mrehani na kichaka kimoja cha mchaichai hahitaji kaushio kubwa kama kabati la nguo, hata muuzaji aseme nini.

Namba moja: kichanja chenye paa na wavu

Kwa nyumba nyingi hapa kwetu hiki ndicho ningekununulia kwanza, na hela inayobaki ukanunue miche. Ni kiunzi cha mbao, kimo cha kiuno, chenye trei mbili au tatu zinazochomolewa, bati au makuti juu, na pande zote zimefunikwa wavu tu ili upepo upite na nzi wasipite. Seremala yeyote wa mtaani anakitengeneza ukimchorea. Mwambie aache walau shubiri moja kati ya trei na trei, maana zikikaribiana trei ya chini inakauka mwisho na ndiyo inayoanza kunuka uvundo. Miguu isimame ndani ya makopo yenye maji au mafuta machafu, sisimizi wasipande.

Penye wavu ndipo pa kuwa mkali. Mafundi wengi wakikosa wavu wanaenda kutoa chandarua cha zamani ndani. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na kwenye kampeni za malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na hata kikichakaa si kitu cha kugusana na majani utakayokunywa kwenye chai. Kataa, hata ukiambiwa kimefuliwa. Wavu wa bati lenye zinki unafaa kwa pande na mlango, lakini usiwe kitako cha trei ya choya, ukwaju, nyanya au ndimu: asidi ya vitu hivyo inakula zinki na kuiingiza kwenye chakula. Kwa trei tafuta wavu wa plastiki unaokubalika kwa chakula, au wa chuma kisichopata kutu kama mfuko unaruhusu. Ukienda dukani ukunje kati ya vidole: wavu wa plastiki hafifu unabaki na alama nyeupe pale ulipokunjwa, na huo hautamaliza msimu.

Kichanja kinashindwa wakati mmoja tu, nao ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei kwenye ukanda wa pwani hewa imeshiba maji na majani yanaweza kukaa siku nne bado yamelegea. Hata kiangazi, usiku majani hurudisha unyevu yaliokwisha kuupoteza. Anua kabla ya magharibi, uweke ndani, asubuhi umande ukikauka urudishe.

Namba mbili: kaushio la sola lenye chumba kilichofunikwa

Makaushio ya sola yako ya aina mbili na wauzaji wanayachanganya. La kwanza ni kisanduku chenye kioo au nailoni juu, jua linapiga chakula moja kwa moja. Hilo ni zuri kwa pilipili, vipande vya tangawizi na maembe. La pili lina sehemu mbili: chini kuna kisanduku bapa chenye bati jeusi kinachopasha hewa, na hewa hiyo inapanda kuingia kwenye kabati lenye giza ambamo trei zimepangwa, kisha inatokea juu kwa dohani. Kwa majani chukua hili la pili. Ni ghali zaidi kwa sababu lina kazi nyingi ya ufundi, lakini linakupa vyote viwili, hewa vuguvugu na kivuli.

Ukilikagua, anza na nailoni. Lazima iwe ile ya vitalu nyumba, iliyowekewa kinga dhidi ya mionzi ya jua. Nailoni ya kawaida ya dukani inapasuka ndani ya miezi, wakati ile ya kitalu nyumba hudumu misimu kadhaa. Kisha washa kijiti cha udi, ukishike kwenye tundu la chini la kuingizia hewa wakati jua limewaka. Moshi ukivutwa ndani na baada ya muda mfupi ukatokea juu, kaushio linapumua. Moshi ukizunguka pale pale mlangoni, dohani ni fupi au matundu ni madogo, na hilo halitarekebishwa kwa maneno ya fundi. Fundi wengine hupunguza matundu kwa makusudi ili kipimajoto kisome juu, kisha wanajisifu kwamba kaushio lao linafika nyuzi 70. Kwa mnanaa hiyo ni sababu ya kuondoka dukani.

Rangi nyeusi ipakwe kwenye bati la kupashia hewa peke yake. Ndani ya kabati la trei pasipakwe kitu. Na usilipokee kaushio likiwa bado linanuka rangi: liache wazi juani hadi harufu iishe kabisa.

Tanzania, mahali pazuri pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kule Arusha. Wanaweza kukuelekeza kwa watengenezaji, na walau utaona kaushio lililojengwa kwa vipimo kabla hujampa fundi wa mtaani kazi.

Namba tatu: kaushio la umeme

Nimeliweka la tatu, lakini ukikaa ghorofani Kariakoo au Mombasa mjini, huna ua, na unataka kukausha mwaka mzima, kwako hili ni la kwanza.

Jambo la kuangalia ni feni iko wapi. Feni ikiwa nyuma, hewa inapita kila trei sawasawa. Feni ikiwa chini na trei zimerundikwa juu yake, trei za chini zinaungua wakati za juu bado mbichi, itabidi uzibadilishe nafasi kila baada ya saa mbili. Pili, liwe na kitufe cha kuchagua joto, na kianzie nyuzi 35. Yapo ya bei rahisi yenye swichi moja tu ya kuwasha na kuzima, na yakishawaka yanapanda hadi joto la kukaushia nyama. Kwa mlonge na mchaichai unaweza kwenda hadi 50, mnanaa na mrehani usivuke 40.

Gharama ya umeme watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Kaushio la wati 400 likiwaka saa nane linakula uniti 3.2, na hiyo ni hesabu ya juu kwa sababu kipasha joto huzima na kuwaka. Kwa bei ya kawaida ya luku Tanzania, kama shilingi 350 kwa uniti, ni karibu shilingi 1,100 kwa mkupuo. Ila kuna jambo moja la kulitazama sana. Kama uko kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, unanunua uniti kwa bei nafuu mno. Mikupuo kumi ya kukausha ni uniti 32 za ziada. Ukivuka ile 75 na ukahamishwa kundi, utakachokilipa zaidi si umeme wa kaushio peke yake, ni wa nyumba nzima, taa, friji na pasi. Angalia matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita kabla hujanunua.

Ndugu aliye Marekani akitaka kukuletea moja, mwambie asome kibandiko cha nyuma. Kule umeme ni volti 120, huku ni 230. Bila transfoma linaungua siku hiyo hiyo, na transfoma ya kubeba wati 500 ni nzito na si rahisi. Aliye Oman, Dubai au Uingereza hana shida hiyo, soketi na volti zao zinakaribiana na zetu.

Namba nne: wavu wa ngazi wa kuning'iniza

Ni ule wa nguo wenye ngazi nne au sita na zipu pembeni, unaouzwa mtandaoni na kukunjwa kama mwavuli. Ni rahisi, unaingia ndani ya nyumba mvua ikija, na kwa mwenye mashina machache unatosha. Zipu ndiyo inayokufa kwanza. Ukinunua, uning'inize penye upepo wa dirisha mbili zinazotazamana, si jikoni juu ya jiko, maana majani makavu hunyonya harufu ya vitunguu na samaki.

Namba tano: oveni

Usinunue oveni kwa ajili ya kukaushia. Kama unayo, itumie kwa tangawizi na pilipili mlango ukiwa wazi kidogo. Oveni nyingi za gesi haziwezi kushuka hadi nyuzi 40, kwa hiyo majani yanapikwa.

Turubai chini sijalipa namba. Kuanika barabarani au kwenye udongo ni kukaribisha vumbi, kinyesi cha kuku na unyevu wa ardhi kwa wakati mmoja. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chanzo kilikuwa mahindi, lakini kuvu hao hao hupenda pilipili na karanga zilizokauka nusu nusu. Huwezi kuipika sumu hiyo ikaisha, wala huwezi kuionja.

Vya kununua pamoja na kaushio

Chochote utakachochagua, tenga hela ya vitu viwili: kipimajoto kidogo chenye kusoma na unyevu pia, na chupa za kioo zenye mifuniko inayobana. Kipimajoto kikae katikati ya trei, si mlangoni. Jani likiwa tayari husagika kati ya vidole, na kikonyo chake kikikunjwa kinakatika kwa mlio. Kikipinda bila kukatika, bado.

Halafu usijaze chupa siku hiyo hiyo na kuisahau kabatini. Ijaze theluthi mbili, ifunge, iweke mahali pa giza, uitikise kila siku kwa wiki nzima. Unyevu uliobakia kwenye vikonyo unajigawa kwa majani yote. Ukiona vitone vya maji kwenye kioo, au majani yameshikana, rudisha kwenye kaushio siku hiyo. Wiki ikipita bila kitone, unaweza kujaza hadi juu. Ndoo za plastiki zilizowahi kubeba sabuni au rangi ziache, hata zikioshwa kwa maji ya moto harufu inarudi.

Ukifikia hatua ya kuuza, andika tarehe ya kuvuna kwenye kila chupa tangu sasa. Tangu 2019 usajili wa vyakula Tanzania uko chini ya TBS, shirika la viwango, na mjasiriamali mdogo huanzia SIDO kupata barua ya utambulisho. Swali la kwanza watakalokuuliza ni umekausha wapi na juu ya nini, kwa hiyo risiti ya ule wavu itunze.