UPS ya rauta na swichi: uliza kwanza kama inajiwasha

Malalamiko mnayonitumia ni yale yale tu. Mtu amenunua UPS, ile betri ya kushikilia vifaa, ya swichi ya ploti, yaani kale kaboksi kanakogawia wapangaji net, stima ikipotea net inaendelea, wapangaji wanafurahi, halafu stima inarudi na net ndio inapotea. Swichi iko kwa kasanduku karibu na dari ghorofa ya juu kabisa, funguo iko na keateka, na keateka ameenda ushago.

Kwa hivyo mambo ya rangi na taa ngapi zinawaka mbele mtayasoma kwingine. Mimi nauliza kitu kimoja: betri ikiisha kabisa halafu stima irudi, hiyo UPS inajiwasha yenyewe ama inangoja kidole? Nyingi za zile ndogo zenye kifungo pembeni zinangoja kidole, na stima ikienda nusu saa huwezi kujua kwa sababu betri haijaisha. Utajua siku ya giza refu, kama ule usiku wa Agosti 2023 nchi nzima ilipozima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA.

Kupima ni rahisi. Chomeka rauta, chomoa UPS ukutani, acha mpaka ife kabisa, rudisha plagi na usiguse kitu. Ikikaa kimya, irudishe dukani.

Ya kwanza kwangu ni APC Back-UPS ya 650VA, na ndio, naipendelea, sifichi. Inajiwasha stima ikirudi, na betri ikichoka baada ya miaka kadhaa fundi anakuwekea nyingine ya 12V 7Ah, hizo zimejaa maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Ubaya wake inapiga kelele pii pii usiku mzima usipoinyamazisha. Pia angalia matundu ya nyuma kabla hujalipa, kuna modeli zina matundu ya kebo ya kompyuta na adapta ya swichi yako ni ya pini tatu, utaanza tena kutafuta kebo. Kama swichi ni ya PoE, yaani inapitisha stima kwa kebo ya net, na inalisha kamera za CCTV, usisumbuke na zile ndogo, swichi hizo zinataka kama volti 48 na kamini UPS ka 12V hakataweza.

Ya pili ni mini UPS ya DC, ile inatoa 5V, 9V na 12V. Kwa nyumba yenye rauta na swichi ya pot nane inatosha kabisa, haina kelele, lakini LAZIMA ipite ile test. Na soma volti chini ya swichi yako, kuna za 5V na kuna za 9V, ukichomeka 12V kwa swichi ya 5V umeiua.

Ya tatu, inverta na betri kubwa, kama tayari unayo ya taa. Kununua moja juu ya swichi pekee ni kuchezea pesa.

Zile za bei ya chini kabisa zisizo na jina, hapana.

Sasa wauzaji. Boksi limeandikwa 8800mAh kwa herufi kubwa, anakuambia itaenda siku nzima madam. Hiyo hesabu ni ya betri za ndani za volti 3.7, yaani kama wati-saa 32, na rauta pamoja na swichi zikila wati 15 hayo ni masaa mawili, na hapo betri ni mpya na mAh ni za ukweli. Ukiuliza kama inajiwasha anasema "inajiwasha", ukimwambia mtest anasema boksi likifunguliwa umenunua, na kwa risiti kuna muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Bei nazo sitaandika, kwa sababu mtandaoni ni "bei inbox" na dukani inategemea umevaa nini, nimeulizia APC ile ile kwa jengo moja, ngazi moja tu juu ikapanda elfu na mia tano na jamaa hata hakupepesa macho. Mwambie aandike kwa risiti kwa mkono "inajiwasha stima ikirudi", na akikataa peleka pesa yako duka linalofuata.