Aktea ya Amerika au ya Asia: ipi ya kupanda?
Wenye bustani za kivuli huulizana kila mwaka kuhusu aktea, mmea wa maua: Actaea racemosa ya misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, au Actaea simplex ya China, Japani na mashariki ya mbali ya Urusi?

Kwa urefu, ya Amerika hushinda: hufika hata mita 2, vishada vyake vyeupe vikisimama kama mishumaa kuanzia Juni au Julai. Ila isogelee: harufu ni nzito, ya kuita nzi. Ya Asia hunukia vizuri, na aina ya 'Brunette' ina majani ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Hapo ndipo moyo wangu huegemea. Lakini huchanua Septemba na Oktoba. Jalidi ikiwahi, huunguza matumba kabla hayajafunguka.

Racemosa huoteshwa kwa mbegu ukiwa na subira, maana hudai joto kwanza, kisha baridi. 'Brunette' nunua mche. Mbegu zake hazirudishi rangi kwa uhakika.

Matunzo hayatofautiani: mboji, unyevu, kivuli chepesi. Udongo ukikauka, kingo za majani hugeuka kahawia na kukunjamana.

Kwenu baridi huwahi? Panda ya Amerika. Unapanda kando ya kibaraza cha kupumzikia jioni? Ya Asia.