Uzoefu wangu na Seiko SKX009 ya mtumba: uchakavu wa kawaida na rangi ya kutilia shaka

Saa ninayoipima ni Seiko SKX009, ya kupigia mbizi hadi mita 200, yenye mashine ya 7S26. Namba iliyo kwenye mfuniko wa nyuma inaanza na 53. Tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, kwa hiyo ilitoka Machi 2005 au Machi 2015. Modeli hii ilianza 1996, basi 1995 haimo. Wimbi lililochorwa kwa kuinuliwa kwenye mfuniko limelika hadi kubaki kivuli, nami naihesabu kuwa ya 2005. Muuzaji aliinadi kwa maneno "haijaguswa".

Naanza na pete inayozunguka, maana ndiyo inayowatisha wanunuzi wengi bila sababu. Bamba lake ni alumini iliyotiwa rangi. Jua limeufanya wekundu uelekee waridi na bluu ielekee kijivu, na kufifia kumeenea sawasawa. Hiyo si kasoro, na mimi naipenda zaidi hivyo. Kitu cha kuangalia ni mlio: pete izunguke upande mmoja tu, milio 120 kwa mzunguko mzima, kila mmoja usikike. Ukiisukuma kinyume ikarudi, kijichuma cha ndani kinachoizuia kimelika.

Kwenye kasha, usihesabu mikwaruzo, tazama kingo. Juu ya masikio yanayoshika mkanda chuma kina mistari ya brashi, ubavuni kinang'aa, na mahali nyuso hizo zinapokutana pawe na ukingo mkali. Kisha tazama matundu ya pini ubavuni mwa masikio. Tundu ambalo mdomo wake umezama kama kisahani limepigwa polishi kwa nguvu, na chuma kilichoondoka hakirudi. Haya yangu ni makali, kwa hiyo katika hilo muuzaji alisema kweli.

Bangili ni habari nyingine. Laza saa kwa ubavu, mfuniko ukikuelekea, uishike kwenye kasha na uiache bangili ijinyooshe yenyewe hewani. Iliyo nzima inajikunja kidogo tu. Hii inaning'inia kama mnyororo wa mbwa. Jasho na vumbi vikichanganyika huwa kama msasa wa maji, vinakula pini na vipande vya kati kila mkono unapotikisika. Sabuni hailitibu hilo. Hata hivyo ivue, iloweke dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, isugue kwa mswaki laini. Ukahawia ukitoka, ulikuwa uchafu. Ukibaki na ukucha ukakwama kwenye vishimo, hiyo ni kutu. Kasha lenyewe usilitumbukize kabla hujajua hali ya mipira yake ya kuzuia maji.

Sasa mishale, ambapo shaka yangu ilianzia. Rangi ya kung'aa gizani ya saa hizi ni Lumibrite, haina mnururisho, na haigeuki manjano kwa umri kama tritiamu, rangi yenye mnururisho ya saa za zamani. Kwa hiyo mtu akikuuzia SKX yenye mishale ya rangi ya krimu kwa jina la "uzee wa asili", uliza zaidi. Kwenye saa yangu, chini ya lenzi ya kukuza mara 10, alama za usoni ni nyeupe na safi, lakini ukingo wa mshale wa dakika una ukoko wa kijani-kijivu. Niliimulika kwa tochi sekunde 30 nikazima taa: alama zote ziliendelea kuwaka, mshale wa dakika ukafa baada ya muda mfupi. Hiyo ni dalili kwamba maji yaliingia.

Mfuniko ulipofunguliwa, jibu lilikuwa hapo. Mpira wake ulikuwa bapa na mgumu, na kwenye kiti chake, yaani pale mpira unapokaa, palikuwa na kishimo kilichokata njia yote kutoka nje hadi ndani. Chumvi ya jasho hukaa chini ya mpira mahali hewa haifiki, na hata chuma cha pua huliwa hapo. Mpira mpya peke yake hauzibi njia hiyo. Saa hii ni ya nchi kavu mpaka ipite kipimo cha shinikizo.

Mashine yenyewe ni nzima. 7S26 haijazwi nguvu kwa kuzungusha kifundo cha ubavuni, hujijaza kwa mwendo wa mkono. Itikise polepole mara 20, mshale wa sekunde uanze mara moja. Kiwango cha kiwandani ni kati ya kuchelewa sekunde 20 na kuwahi sekunde 40 kwa siku, na hii inawahi 14. Kifundo kinauma uzi vizuri kikifungwa.

Ningeinunua tena, ila kwa bei iliyokatwa gharama ya mishale, mpira, bangili na kazi ya fundi. Na kabla ya kulipa, omba picha ya kiti cha mpira, mfuniko ukiwa wazi. Picha ya uso peke yake isingenionyesha kishimo kile.